Je, Wajua Kwa Nini Pigo Moja la Gitaa Liliwachukua Ramones Saa Nyingi Studioni?

Mwezi Mei 1979, katika studio ya Gold Star mjini Los Angeles, Johnny Ramone, mpiga gitaa wa bendi ya Marekani iitwayo Ramones, alipiga nyuzi zake mara moja, akaziacha zilie hadi zikanyamaza, kisha akaambiwa arudie. Akarudia. Akaambiwa tena arudie. Pigo hilo ndilo linalofungua wimbo "Rock 'n' Roll High School", na kwa masimulizi ya bendi yenyewe kazi hiyo iliendelea kwa saa nyingi, huku mtayarishaji akilisikiliza kwa spika zilizofunguliwa hadi mwisho, bila kueleza alichokuwa akikitafuta. Mtayarishaji huyo alikuwa Phil Spector, mtu aliyebadilisha muziki wa pop wa Marekani katika miaka ya 1960, na albamu waliyokuwa wakiitengeneza ilitoka tarehe 4 Februari 1980 kwa jina End of the Century.

Ili kuelewa kwa nini kazi ya sekunde chache ilikula saa nyingi, ni lazima kwanza tujue Ramones walizoea kufanya kazi namna gani. Walikuwa vijana wa Forest Hills, mtaa wa Queens jijini New York, walioanzisha bendi mwaka 1974 na kujipa wote jina moja la ukoo ingawa hawakuwa ndugu. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 zinazokwisha katika muda usiofika nusu saa, na inaelezwa kuwa iligharimu takribani dola 6,400 tu. Johnny alipiga gitaa lake kwa kushusha mkono peke yake, bila kuupandisha nyuzini, mapigo matano au sita kila sekunde, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Anayetaka kujua ugumu wa kazi hiyo na aipigepige meza kwa kasi hiyo kwa dakika mbili, kisha ausikilize mkono wake.

Muziki huo uliwasha moto wa panki, yaani roki ya kasi na makelele, huku Marekani na kule Uingereza, lakini haukuwapa fedha. Albamu ya kwanza ilikomea nafasi ya 111 katika chati ya Marekani. Ya nne, Road to Ruin ya mwaka 1978, ilifika nafasi ya 103. Seymour Stein, mkuu wa kampuni ya Sire iliyotoa kazi zao, alitaka wimbo utakaopigwa redioni, na Spector naye alikuwa ameonyesha mapema kwamba anaipenda sauti ya mwimbaji wao, Joey. Hapo hapakuwa na ajabu kubwa kama inavyodhaniwa. Joey alikuwa amekulia kwenye nyimbo za makundi ya wasichana wa miaka ya 1960, hasa The Ronettes, kundi ambalo Spector ndiye aliyekuwa mtayarishaji wake, na ukimsikiliza kwa makini utasikia anavyoikunja irabu na kuitetemesha mwishoni mwa mstari kama Ronnie, mwimbaji kiongozi wa kundi hilo. Nyimbo za Ramones, ukizivua makelele, ni nyimbo fupi za pop zenye kiitikio kinachoshikika haraka.

Tofauti kati yao na Spector ilikuwa mahali sauti inapozaliwa. Kwa Ramones, sauti ilizaliwa mkononi mwa mpigaji. Kwa Spector, ilizaliwa chumbani. Mbinu yake, iliyojulikana kama ukuta wa sauti, ilikuwa kuwajaza wanamuziki wengi katika chumba kimoja kisicho kikubwa: magitaa matatu au manne yakipiga kitu kilekile, piano zaidi ya moja, magitaa ya besi mawili, tarumbeta, njuga na ngoma, wote kwa pamoja, mpaka sikio lisiweze tena kusema hili ni gitaa na ile ni piano. Kisha fundi mitambo Larry Levine aliipeleka sauti hiyo katika chumba cha mwangwi cha Gold Star, chumba kitupu chenye kuta za saruji, ambamo spika iliitoa sauti upande mmoja na maikrofoni kuinasa tena ikiwa imekwisha kugonga kuta mara nyingi. Ni kitu kilekile kinachotokea mtoto anapoingiza kichwa katika tangi tupu la maji na kuita jina lake: jina linarudi likiwa nene na refu kuliko lilivyotamkwa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo jibu lilipo. Mwangwi unahitaji nafasi. Sikiliza mwanzo wa "Be My Baby" ya The Ronettes, ya mwaka 1963: ngoma kubwa inapigwa mara tatu, kisha kipigo kimoja kizito, na baina ya vipigo kuna pumzi ambamo mkia wa sauti unasambaa na kufifia. Sasa chukua mkono wa Johnny unaoshuka mara sita kwa sekunde. Mkia wa pigo la kwanza haujafa, la pili limekwisha kufika, la tatu linalikanyaga, na badala ya ukuta unapata tope. Pigo la kwanza la "Rock 'n' Roll High School" lilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambamo gitaa linaachwa peke yake na sauti yake inaning'inia hewani, bila chombo kingine cha kuuficha mkia wake. Kwa mtu aliyeishi kwa kusikiliza mikia ya sauti, hapo palikuwa mahali pa kukesha.

Kwa Johnny, yalikuwa mateso. Yeye aliamini kwamba unaingia studioni ukiwa umekwisha kujua wimbo, unaupiga, unaondoka, na senti ya ziada inayotumika ni hasara ya bendi. Albamu hii inatajwa kuwa ilikaribia dola 200,000. Alitishia kurudi nyumbani, na katika siku hizohizo baba yake mzazi akafariki. Spector naye alikuwa mkali, mlevi na mwenye kutembea na bastola. Mpiga besi Dee Dee alidai kwamba aliwaelekezea silaha. Mpiga ngoma Marky alisema silaha zilikuwapo lakini hazikuelekezwa kwa yeyote. Mwaka 2009 Spector alitiwa hatiani kwa mauaji ya mwigizaji Lana Clarkson, yaliyotokea mwaka 2003, na alifariki mwaka 2021 akiwa bado anatumikia kifungo. Mimi siwezi kuusifu ukuta wake wa sauti na kulinyamazia hilo.

Albamu ilifika nafasi ya 44 Marekani na ya 14 Uingereza, na nyumbani Ramones hawakuwahi kupanda juu zaidi ya hapo. Nyimbo zake za kasi zinasikika kama zinavutana na chumba kilichozizunguka, isipokuwa "Do You Remember Rock 'n' Roll Radio?", ambayo saksofoni na kinanda chake vilistahili kabisa nafasi hiyo. Penye mwendo wa pole mambo yanabadilika. "Danny Says" inaanza kwa sauti ya Joey na gitaa tulivu, kisha vyombo vinaongezeka kimoja kimoja, na mwangwi unapata nafasi uliyokuwa ukiidai tangu mwanzo. Upweke wa msafiri aliye mbali na nyumbani unasikika ndani ya kuta zile.

Wimbo uliofanikiwa zaidi ulikuwa "Baby, I Love You", uliofika nafasi ya 8 Uingereza. The Ronettes walikuwa wameurekodi mwaka 1963 katika studio hiyohiyo ya Gold Star, na siku hiyo aliyekuwapo ni Ronnie peke yake, kwa kuwa dada yake na binamu yake walikuwa ziarani. Miaka 16 baadaye Joey aliuimba akizungukwa na vyombo vya nyuzi na wanamuziki wa kukodiwa, na wenzake watatu hawakupiga hata noti moja.

Ronnie, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameolewa na Spector na kuachana naye, hatimaye alikutana na kijana huyo wa Queens aliyejifunza kuimba kwa kumsikiliza. Mwaka 1999 alitoa rekodi fupi iitwayo She Talks to Rainbows, iliyopewa jina la wimbo uliotungwa na Joey, na safari hii mmoja wa waliokaa katika kiti cha mtayarishaji, upande ule mwingine wa kioo, alikuwa Joey mwenyewe.