Taharuki haifundishwi kwa muhtasari: maelezo kwa walimu na wazazi kuhusu hadithi fupi za fumbo

Tangu Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari ya juu katika mtaala mpya wa Kenya, ianze Januari 2026, dawati letu la Kiswahili limekuwa likipokea malalamiko ya aina mbili. Wazazi wanasema hadithi za taharuki (ile hamu na wasiwasi wa kutaka kujua kitakachotokea) na upelelezi zinawafunza watoto uhalifu. Walimu nao wanasema wanafunzi wanaitaja taharuki lakini hawawezi kuieleza. Tutayajibu yote mawili, tukikumbusha kwamba mtaala uliochapishwa ndio wenye kauli ya mwisho na makala haya hayaubadilishi.

La wazazi ni jepesi. Hadithi ya mauaji haifundishi kuua, kama ambavyo ngano ya fisi haifundishi ulafi. Anayekereka kwa sababu ya maiti ya ukurasa wa kwanza na asome mpaka wa mwisho, aone nani kakamatwa na kwa kosa gani. Wapo pia wanaodai kwamba upelelezi ni mambo ya Wazungu. Kiswahili kina mpelelezi wake, Bwana Msa, tangu 1960, Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale. Ni kweli Msa anavuta kiko kama Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, lakini kazi yake ni Unguja, na habari za mizimu hazimzuii kumtafuta muuaji ambaye ni binadamu.

La walimu ndilo zito, na chanzo chake ni miongozo, vile vijitabu vinavyofupisha na kuchambua hadithi. Mwanafunzi akianza na mwongozo, anamjua muuaji kabla hajakutana na maiti. Kisha mwalimu anamwuliza taharuki iko wapi! Hadithi fupi inafaa kwa kipindi cha dakika 40 kwa sababu inaweza kusomwa kwa sauti, ikakatwa mahali, darasa likabaki na dukuduku. Isomwe kwanza. Uchambuzi utafuata.

Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe. Fedha za chama cha akina mama zimetoweka kabatini nyumbani kwa mwekahazina. Mumewe anaingia sebuleni na kusema ametoka sokoni sasa hivi, kwa miguu. Mwandishi anaendelea: “Alivua viatu akavipanga kando ya vile vya watoto, vilivyojaa tope. Vyake vilikuwa vikavu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu adhuhuri.”

Simamisha hapo. Kila mwanafunzi aandike anamshuku nani na anukuu sentensi inayomfanya ashuku. Asiye na sentensi ya kunukuu hana mshukiwa, ana umbea. Wengi watavipita vile viatu, mmoja akiuliza “mbona vikavu?” darasa zima litarudi juu ya ukurasa. Sasa andika ubaoni toleo la pili: “Alivua viatu vyake vikavu, jambo lililoonyesha kwamba hakuwa ametoka nje.” Habari ni ileile, taharuki imekufa, kwa kuwa mwandishi amemfanyia msomaji kazi yake. Jaribu na la tatu: sentensi ya mvua ihamishwe aya tatu nyuma, kwenye maelezo ya watoto wakitoka shule. Kidokezo sasa kimefichika zaidi, lakini bado kipo mbele ya macho ya msomaji, na hapo ndipo ilipo haki ya hadithi ya fumbo. Mwandishi anayemleta pacha wa mume katika ukurasa wa mwisho, pacha ambaye hakutajwa popote, amedanganya.

Mfano huohuo unatenganisha mambo mawili yanayochanganywa: fumbo na taharuki. Tukimwona mume akifungua kabati tangu mwanzo, fumbo limekwisha. Taharuki haijaisha, maana mke yuko njiani na ameshikilia daftari la chama. Na tafadhali, taharuki si hadithi kuishia hewani. Dhana hii tumeikanusha mara nyingi mno. Hadithi inaweza kujibu kila swali na bado ikawa imemshika msomaji roho juu kwa kurasa kumi.

Kuhusu mtihani. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, itaendelea hadi 2027 kwa wanafunzi waliosalia wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, ambayo ni ya fasihi, ni ya saa 2½ na alama 80: maswali manne ya alama 20 kila moja, la kwanza likiwa la lazima, na mengine matatu kutoka sehemu tofauti. Anayejibu mawili kutoka sehemu moja amevunja agizo, na lile la ziada halimsaidii. Dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabuni, likiuliza muktadha kwa alama 4, taja msemaji, msemewa, mahali na sababu. Ukiacha kimoja, umeiacha alama yake. Swali likiwa la taharuki, “kuna taharuki hapa” si jibu. Eleza ni jambo gani limefichwa, limefichwa kwa mbinu gani (mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma katika matukio, kinaya, kukatiza usemi), na linafichuliwa wapi.

Katika karatasi ya kwanza, 102/1, insha isipungue maneno 400. Ukiambiwa umalizie kwa maneno fulani, yaandike kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ukiyabadilisha utakatwa alama. Na ile “kumbe ilikuwa ndoto!” haimfurahishi mtahini yeyote tunayemjua.

Mwisho, nakala. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Vifungu vifupi kwa matumizi ya darasani vinaruhusiwa. Kurudufu mkusanyiko mzima, au kuituma PDF yake kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ni ukiukaji hata kama hakuna aliyelipwa shilingi, na unaweza kumfikisha mtu mahakamani. “Ni ya masomo tu” si kinga. Shule inayohitaji nakala nyingi iombe leseni kwa KOPIKEN, chama kinachotoa leseni za kurudufu kazi zilizochapishwa, kwa maandishi, kabla ya kurudufu na si baada ya kulalamikiwa. Vitabu vya kiada viwe vile vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya Kenya. Hadithi aliyoitunga mwalimu mwenyewe haihitaji leseni ya mtu, na ukurasa mmoja unatosha kipindi kizima.