Mjusi-Chui wa Kufugwa: Mizani Kwanza, Dume Baadaye

Kila Januari ikiingia, simu za aina moja huanza kulia katika kliniki yetu ya wanyama watambaao, hapa Uingereza. Mpigaji ana mijusi-chui wawili. Jike ana miezi minane, na dume akimwona tu hutetemesha ncha ya mkia mpaka inasikika ikigonga kioo. “Daktari, si wameshakuwa tayari kupandishwa hawa?” Siku hizi baadhi ya wapigaji ni Waswahili wenzangu, ambao watoto wao wamewabembeleza hadi wakakubali kuweka mjusi sebuleni, jambo ambalo bibi zao kule Tanga au Mombasa wangelilaani mchana kweupe. Nami hujibu swali kwa swali: jike ana gramu ngapi? Mara nyingi kimya hufuata.

Mjusi-chui, ambaye wanasayansi humwita Eublepharis macularius, hafanani sana na mjusi kafiri anayekimbia darini. Asili yake ni nchi kavu yenye mawe ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Vidole vyake havinati, kwa hiyo ukuta wa kioo haupandi, na ana kope za kufumba, kitu ambacho mjusi kafiri hakujaliwa. (Ndugu yake wa Afrika Mashariki yupo, Holodactylus africanus, anayeishi sehemu kavu za Kenya na Tanzania, ila hutoka usiku na wachache wamewahi kumwona.) Kwa shughuli yetu ya leo, kiungo cha kutazama ni mkia. Humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta, na jike anayetaga huishi kwa akiba hiyo.

Dume hupevuka mapema, wengine wakiwa na miezi sita hadi minane. Jike naye anaweza kushika mayai kabla ya kutimiza mwaka, mwili wake ukiwa bado unakua, na hapo ndipo wafugaji wengi wanaponaswa. Madini ya kalsiamu ambayo mifupa yake ilikuwa inayangoja huenda kwenye mayai. Baada ya miezi michache tunaletewa mjusi mwenye taya laini kama mpira na miguu iliyopinda. Mimi jike wa chini ya gramu 45 simkubali kabisa, na hizo 45 nazitaja shingo upande. Gramu 50 ndizo ninazozipenda, pamoja na umri wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Masharti hayo mawili yaende sambamba: mjusi aliyenoneshwa kwa funza mpaka akafika gramu 50 akiwa na miezi saba ni mtoto mnene tu.

Fanya hesabu uone. Kila mtago huwa na mayai mawili, na kinda anayeanguliwa ana karibu gramu 3. Mayai mawili basi hukaribia sehemu ya kumi ya uzito wa mama mwenye gramu 50. Baada ya wiki mbili hadi nne anataga tena, kisha tena, na msimu mmoja unaweza kumpa mitago mitano, sita au zaidi. Haya yote yaweza kutokana na kupandwa mara moja, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake. Ukishamwingiza dume kwa jioni moja, huna tena breki.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Mkia uwe mnono, usiopungua unene wa shingo. Kisha mweke kwenye kikasha cha plastiki kinachopitisha mwanga umtazame kwa chini: jike ambaye viini vya mayai vimeanza kukua ndani huonyesha duru za waridi pembeni mwa tumbo, hata kama hajawahi kuona dume. Wengi hupunguza kula siku hizo, na maadamu uzito haushuki sana, usihangaike. Mayai yakishakamilika utaona maumbo mawili meupe, marefu, yamelala ubavuni.

Hakikisha pia unaye jike na dume kweli. Nimewahi kuletewa “dada wawili” wa dukani, mmoja wao akiwa na vitundu vya nta vilivyojipanga mfano wa herufi V mbele ya tundu la haja, na vivimbe viwili nyuma yake. Huyo ni dume, na “dada” yake alikuwa tayari na mayai.

Nasaba nayo si jambo dogo. Aina iitwayo Lemon Frost, ya manjano yenye weupe wa kuvutia, hupata uvimbe wa chembe za ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliihusisha rangi hiyo na jeni ya SPINT1. Wa aina iitwayo Enigma nao huzunguka kama walevi na hukosea shabaha wanapokamata nyenje. Mijusi wa aina hizi sishauri wapandishwe, wawe na gramu ngapi. Kinyesi cha wote wawili kipimwe kabla hawajakutana, hasa kutafuta kimelea cha kriptosporidiamu, ambacho hukondesha mkia ukabaki kama kijiti na hakina tiba ya kutegemewa.

Jambo jingine huwashangaza watu: kinda huwa jike au dume kutokana na joto la kiatamizi. Mayai yakikaa kwenye nyuzijoto 26 za Selsiasi hutoka karibu majike watupu. Kwenye 32 na nusu hivi, wengi huwa madume. Ukipita 34, majike hurudi. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliona kuwa majike wa joto kali huwa wakali kama madume. Kwa hiyo jike wako akitimiza uzito na umri, na bado anamng’ata kila dume anayesogea, muulize aliyekuuzia alimtotolesha kwa joto gani.

Sanduku la kutagia liwe limeandaliwa kabla ya dume kuingia, lenye vamikulaiti (chembechembe za madini zinazoshika maji) au udongo wa unyevunyevu. Jike asipopata pa kuchimba huyazuia mayai, na yai lililokwama hutupeleka kwenye kisu.

Yule mpigaji wa Januari hii alinunua mizani, akapiga tena: gramu 38. Dume amehamishiwa tanki lake, jike anapewa nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu, na tutampima upya mwezi wa sita.