Jina moja, methodi mbili: Java huchaguaje?

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Mbeya, ambaye mama yake huuza viazi mviringo Mwanjelwa, aliandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, programu ya kukokotoa bei yenye methodi (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) mbili za jina moja: bei(int magunia), inayopokea namba nzima na kuizidisha kwa 70,000, na bei(double kilo), inayopokea namba ya desimali na kuizidisha kwa 800. Kwa bei(2.5) alipata shilingi 2,000 kama alivyotarajia, lakini mteja wa kilo tatu, kwa bei(3), akadaiwa shilingi 210,000.

Kuzipa methodi kadhaa jina moja ndani ya klasi moja, yaani fungu moja la msimbo, ndiko kunakoitwa ovalodingi, na Java huruhusu jambo hilo ilimradi vigezo, yaani thamani ambazo methodi hupokea ndani ya mabano, vitofautiane kwa idadi, kwa aina au kwa mpangilio wa aina hizo. Aina ya jibu peke yake haitoshi, na majina ya vigezo hayahesabiki kabisa. Kwa hiyo "magunia" na "kilo", maneno ambayo kwa kijana yule ndiyo yaliyobeba maana yote, kwa kompaila, programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, hayakuwa na uzito wowote: iliona kuwa 3 ni int na 2.5 ni double, ikachagua hata kabla programu haijaanza kuendeshwa.

Alipoifuta methodi ya magunia, 3 ilipokelewa na ile ya double bila ubishi wowote. Kompaila hutafuta kwanza methodi inayoipokea thamani kama ilivyo au kwa kuipanua, mathalani int kuwa double. Ikikosa, ndipo huifunga int ndani ya Integer, yaani kitu (object) kinachobeba namba nzima. Ikikosa tena, hujaribu methodi inayopokea vigezo vya idadi yoyote. Njia hizo mbili za mwisho zililetwa na Java 5 mwaka 2004, zikawekwa nyuma ili programu za zamani zisibadilike tabia. Ndiyo maana kati ya bei(long), ya namba nzima kubwa zaidi, na bei(Integer), 3 huenda kwa long, jambo ambalo hata mimi lilinichukua muda kulizoea.

Ovalodingi hupendeza pale kazi inapokuwa ileile: println, methodi ya kuchapa katika klasi ya Java iitwayo PrintStream, ina matoleo 10, na yote huchapa mstari. Gunia na kilo ni mambo mawili, kwa hiyo nilimshauri aandike beiYaMagunia na beiYaKilo. Baadaye akaongeza beiYaMadebe, ambayo kwa mtindo wake wa awali kompaila ingeikataa, kwani debe nalo huhesabiwa kwa int.