Eti ukifanya kazi ya sera umeacha sayansi? Tuongee ukweli kidogo

Jumamosi iliyopita, siku ya soko Tengeru, sijamaliza hata mtori wangu, dogo mmoja aliyemaliza digrii ya kemia mwaka jana akaniuliza, "Kaka, hivi we uliacha sayansi ukaingia siasa?" Nikacheka, maana hilo swali nalisikia kila nikienda nyumbani Usa River, mama mwenyewe majirani wakimuuliza anajibu tu "yuko ofisini" afu anabadilisha stori. Sijaacha kitu. Nafanya kazi ya sera ya sayansi na teknolojia, yaani nasoma tafiti, nasoma rasimu za kanuni, nawaandikia wakubwa kurasa mbili ambazo wanaweza kuzimaliza wakiwa kwenye gari. Basi na mtori ukapoa, maana ilibidi nimjibu dogo moja moja.

Eti sera ni ya waliosoma sheria na siasa. We uliyekulia huku chini ya Mlima Meru hebu cheka tuone meno. Wengi wetu tunayo yale ya kahawia, ukifika Dar hujataja hata jina wanakwambia we wa Arusha. Ni floridi hiyo, inatoka kwenye miamba ya volkano inaingia kwenye maji, mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga ndo basi, rangi inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa sikia hii, Tanzania tangu miaka ya 1970 kiwango chetu cha muda kwa maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8. Nane! Na wataalamu walijua vizuri tu, ila ukiweka 1.5 siku ile ungekuwa umefunga visima vya vijiji vingi na huna maji mengine ya kuwapa, watu wangerudi kwenye madimbwi na kuharisha juu. Baadaye kikashuka hadi 4, afu hadi 1.5. Namba zimekuwa tatu, floridi ni ile ile, haijabadilika tabia hata kidogo, kilichokuwa kinabadilika ni nani abebe hasara, kwa hela ya nani na kwa muda gani. Hapo ndo sera ilipo. Na mwanasheria peke yake hawezi kujua kwamba kichujio cha mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kama vile walivyofanyia utafiti kituo cha Ngurdoto, kinachoka baada ya muda na lazima mifupa ibadilishwe, kwa hiyo ukiandika kwenye mpango "kila kaya ipewe kichujio" bila bajeti ya kubadilisha, umeandika hewa.

Na hapo hatujagusa magadi. Bibi akitupia magadi kwenye makande yaive haraka, floridi nyingine inaingia sufuriani, na hicho kiwango cha maji hakimfikii bibi jikoni hata ukikichapa kwenye gazeti la serikali mara kumi. Mtu aliyesoma kemia na amekula hayo makande analiona hili haraka kuliko mshauri aliyeshuka na ndege pale KIA jana.

Nyingine, na hii niliiamini mwenyewe miaka miwili mizima: ukiwa na data nzuri serikali itafuata tu. Angalia mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba. Kanuni zetu za 2009 zilikuwa na kifungu kwamba madhara yakitokea unawajibika hata kama hukufanya kosa lolote, hivyo majaribio ya shambani yakakwama. Kifungu kikalegezwa 2015, mwaka uliofuata majaribio ya mahindi ya kustahimili ukame yakaanza Makutupora, Dodoma, afu Novemba 2018 serikali ikaagiza yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Sitaki tubishane nani alikuwa sahihi, mi nina mtazamo wangu na shemeji yangu anayelima Karatu ana wake, tulishaharibu chakula cha Krismasi kwa ajili ya hilo. Ninachotaka uone ni kwamba sentensi moja ya kanuni ilifunga shamba kwa miaka 6, na agizo moja likalifunga tena, na mara zote mbili hakuna aliyekuwa anabishania jedwali la mavuno. Watu walikuwa wanauliza mbegu ni ya nani, mkulima ataweza kuitunza au atanunua kila msimu, ikichanganyika na ya jirani inakuwaje. Ukija na jedwali lako tu unajibu swali ambalo hukuulizwa.

Eti lazima uwe na PhD. Nadhani hii inatokana na kusoma matangazo ya nje usiku wa manane. Kuna programu ya AAAS, chama cha wanasayansi cha Marekani, ipo tangu 1973, inawapeleka wanasayansi kufanya kazi bungeni na kwenye idara za serikali, na kweli inataka PhD, au masta ya uhandisi na uzoefu wa miaka 3, ila pia inataka uwe raia wa Marekani kwa hiyo dogo tunza bando lako. Uingereza, ofisi ya sayansi ya bunge lao, wenyewe wanaiita POST, inapokea wanafunzi wa PhD wakiwa bado masomoni, wanakaa kama miezi 3 wanawaandikia wabunge. Huku kwetu hakuna mlango ulioandikwa juu yake "sera ya sayansi", unapita mlango wa pembeni, fildi, msaidizi wa utafiti, mwandishi wa kumbukumbu za kikao. Mi niliingia kwa sababu siku ya kikao nilikuwa na laptopu yenye chaji. Nimemaliza.

Sasa muhtasari wa sera, zile kurasa mbili za wakubwa. Watu wanadhani ni disatesheni iliyofupishwa, nami nilidhani hivyo, wa kwanza niliuandika kurasa 14, tano zote nimeeleza nilivyokusanya sampuli. Bosi wangu wa wakati ule, mama mmoja hana mchezo, hata hakufungua ukurasa wa pili, akaniuliza, "Mwanangu, unataka mheshimiwa afanye nini Jumatatu asubuhi?" Nikakaa kimya. Kurasa 14 na sikuwa na jibu la hilo swali. Tangu siku hiyo jibu ndo sentensi yangu ya kwanza, gharama ni ya pili, na jinsi nilivyokusanya sampuli anaambiwa akiuliza, na hajawahi kuuliza mtu.

Kuhusu kwamba kazi zote ziko Dodoma na Dar, wizara iko Dodoma ni kweli, COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ilianzishwa kwa sheria ya 1986 na iko Dar, sawa. Ila hapa Arusha we unapita na kifodi kila siku kwenye mageti usiyoyaangalia: CAMARTEC na TEMDO za zana na mitambo, maabara za nguvu za atomiki Njiro, Ngaramtoni wa viuatilifu ambao wazee bado wanawaita TPRI, na chuo cha Nelson Mandela hapo hapo Tengeru tulipokuwa tunakunywa mtori. Ukienda Moshi kuna TaCRI ya kahawa kule Lyamungo, kuna hospitali ya KCMC. Jumuiya ya Afrika Mashariki makao makuu yako hapa mjini, ingawa tume yake ya sayansi ipo Kigali, usije ukapeleka barua geti lisilo lake kama mimi.

Hela? Hapo dhana ina ukweli wake. Mingi ni mikataba ya mradi, miezi 6, mradi ukiisha na we umeisha, na kuna sehemu moja siitaji walikaa na posho yangu miezi mitatu nikawa nalala kwa dada Sakina. Anayekwambia inalipa vizuri toka mwanzo anakuuzia semina.

Dogo akauliza basi aanzie wapi. Nikamwambia soko hilo hapo, nunua magadi kwa wauzaji watano, yule rafiki yako wa maabara akupimie floridi, afu niletee ukurasa mmoja. Akaniangalia, akaangalia bakuli. "Sawa kaka, ila mtori unalipa we."