Miwani ya uhalisia pepe kwa mtoto mwenye usonji: wazazi wanauliza

Uhalisia pepe unamsaidiaje?

Mtoto anavaa miwani kubwa yenye skrini ndani. Akigeuza kichwa, picha nayo inageuka, basi anajiona yuko dukani au darasani. Humo anajaribu yanayomtatiza: kusalimia, kusubiri zamu, kusoma uso wa anayeongea naye. Akikosea hachekwi, na tukio linarudiwa vilevile, jambo ambalo watoto wengi wenye usonji hulipenda kwa kuwa wanajua kinachofuata.

Je, unaponya usonji?

Hapana. Usonji (autism) ni jinsi ubongo wa mtoto ulivyokua, si ugonjwa wa kuponywa.

Kuna ushahidi?

Upo, ila bado mdogo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, waliripoti kuhusu watoto 30 wa miaka 7 hadi 16 waliopata vipindi 10 ndani ya wiki 5. Walitambua hisia za wengine vizuri zaidi kuliko mwanzo. Hata hivyo hapakuwa na kundi la kulinganisha. Isitoshe, watoto wale hawakuvaa miwani yoyote! Walikaa mbele ya kompyuta ya kawaida, na nyuma ya vikaragosi vya kwenye skrini walivyoongea navyo kulikuwa na wakufunzi, watu kabisa. Ndiyo maana simshauri mzazi aanze kwa kununua kifaa. Atafute kwanza mtaalamu wa usonji wa kukaa na mtoto na kumfundisha.

Je, uhalisia pepe una madhara?

Wengine hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka unaweza kuamsha kifafa, na kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine, kwa hiyo muulize daktari kwanza. Wapo pia wasiovumilia kitu kukaa usoni, usimlazimishe. Angalia na umri: kati ya kampuni zinazotengeneza miwani hii, Meta inataka mtoto awe na miaka 10 au zaidi, Sony 12.

Sisi hatuna uwezo wa kununua. Tufanyeje?

Igizeni. Baba awe muuza duka, mtoto awe mteja: "Shikamoo. Naomba sukari nusu kilo." Atoe hela, asubiri chenji, aseme asante. Rudieni kwa maneno yaleyale hadi azoee, ndipo mbadilishe kidogo: leo sukari imekwisha, afanyeje? Kisha nendeni duka la mtaani saa ambayo hakuna foleni, na muuzaji aambiwe mapema asimharakishe. Siku ya kwanza akitoa hela bila kusema neno, apewe sukari yake. Salamu atajaribu siku nyingine.