Kwa nini ukipiga skrinishoti ya filamu unapata giza?

Unaangalia filamu Netflix, umefika penye kuchekesha, unataka kumrushia rafiki kipande WhatsApp. Unapiga skrinishoti, unaifungua, kumbe nyeusi tii. Pengine maandishi ya chini yamebaki yakielea, lakini waigizaji hawapo. Simu yako ni nzima. Imekataa makusudi, maana kwa hili inamsikiliza mwenye filamu, siyo wewe uliyenunua simu.

Filamu husafiri kwenye intaneti ikiwa imefungwa kwa msimbo, na simu lazima iombe ufunguo kwenye seva. Kwenye Android kazi hiyo husimamiwa na Widevine ya Google. Apple wana FairPlay, Microsoft wana PlayReady. Kifaa kikiwa na uwezo, msimbo hufunguliwa katika sehemu ya prosesa ambayo hata mfumo endeshi haupati kuchungulia, kisha picha huenda moja kwa moja kwenye kioo. Skrinishoti hukusanya kile ambacho mfumo unakiona. Filamu hauioni, basi mahali pake hujazwa weusi. Maandishi na vitufe huchorwa kwa njia ya kawaida, ndiyo maana wakati mwingine husalia. (Programu za benki hutumia njia nyepesi: huuambia mfumo tu kwamba ukurasa huu usipigwe picha.)

Wanaoumia bila kujua ni wenye simu za bei nafuu. Widevine ina ngazi: L1 hutumia ile sehemu iliyofichwa ya prosesa, L3 hutegemea programu peke yake. Netflix haiiamini L3, hivyo hukupa picha hafifu ya 480p hata kama kioo chako ni HD na bando limejaa. Watu hubaki kuulaumu mtandao.

Ukichomeka waya wa HDMI unakutana na mlinzi mwingine, HDCP, aliyebuniwa na Intel. Kompyuta na TV huhakikiana kwanza kabla picha haijapita. Projekta ya zamani isiyoujua utaratibu huo huishia kuonyesha giza. Ajabu ni kwamba ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja mwaka 2010, Intel wenyewe wakakiri, lakini ukaguzi haukukoma.

Zamani kivinjari kilihitaji nyongeza kama Silverlight ya Microsoft ili kucheza filamu za namna hii. Tarehe 18 Septemba 2017, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha EME, kiwango kinachokiwezesha kivinjari kuzungumza na mifumo hii ya kufuli. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliunga mkono, akihofia kwamba bila hivyo filamu zingehamia kwenye programu za kampuni. Shirika la kutetea haki za mtandaoni la EFF lilijitoa W3C siku hiyohiyo: lilitaka watafiti wa usalama na wanaowatengenezea walemavu nyenzo walindwe wasishtakiwe kwa kugusa kufuli hizo, likakataliwa.

Mimi naona EFF walikuwa na hoja. Kibanda cha mtaani kinachokujazia muvi kwenye flashi hakijawahi kusumbuliwa na skrinishoti nyeusi. Anayesumbuliwa ni anayelipa kila mwezi.

Ukitaka kujua simu yako iko ngazi gani, fungua Netflix kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta palipoandikwa Widevine. Ukienda dukani kununua simu nyingine, muulize muuzaji kuhusu L1 kabla hujalipa.