Mzee wa Mjini Abishe Hodi Wapi? Jiji la Nakuru na Wakazi Wake Waliozeeka

Mtu anapokuja ofisini kwetu, kwenye ofisi za jiji la Nakuru, kumsemea mzazi wake mzee, mara nyingi huanza na swali moja: pesa za wazee zitatoka lini? Ni swali la haki, ila limeletwa mahali pasipohusika. Fedha za Inua Jamii, mpango wa msaada wa pesa kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza umri wa miaka 70, hutoka serikali ya kitaifa. Usajili unapofunguliwa, wanaohusika ni chifu, naibu wake na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Jiji halina orodha hiyo wala haliwezi kuongeza jina. Mzee asiyeweza kufika kuzichukua anaruhusiwa kuwa na mlezi aliyesajiliwa kwa niaba yake, na hilo pia hupangwa na maafisa hao hao. Mtu akizungushwa wiki nzima kabla ya kuambiwa hivyo, nauli imekwisha na nyumbani bado anasubiriwa.

Hata hivyo, jiji lina mengi ya kumfanyia mzee. Watu hawayaoni kwa sababu hayana jina la wazee mlangoni: njia ya kupita kwa miguu, taa, choo cha soko, zahanati, mtaro uliofunikwa. Huko ndiko maisha ya mtu wa miaka 75 yanakotengenezwa au kuharibiwa kila siku, na huko ndiko mkazi anaweza kutusukuma.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na usaidizi wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Kwa mujibu wa kifungu cha 260, mzee ni aliyefikisha miaka 60. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 2.7 wa umri huo nchini, na wengi mno wetu bado tunawafikiria kuwa watu wa kijijini. Sivyo ilivyo Nakuru. Mji huu ulikua na reli, viwanda na mashamba ya pembeni, na wengi waliokuja kutafuta kazi walidhani wangerudi kwao wakistaafu. Wengine hawakurudi. Tembea mitaa ya Flamingo, Kivumbini au Bondeni, utawakuta mashosho na wababu waliolea watoto wao hapo na sasa wanalea wajukuu hapo hapo.

Baraza la manispaa ambalo wengi wao wanalikumbuka lilifikia mwisho ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Siku hizi kazi za jiji zinasimamiwa na bodi ya jiji na meneja wa jiji chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, lakini fedha zinapitishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo ombi lenye nguvu huenda pande mbili: kwa meneja wa jiji na kwa mwakilishi wadi, yaani MCA wako. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linaloweka mikononi mwa kaunti afya ya msingi na ambulansi, barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, maji na usafi.

Nitakaa kidogo kwenye barabara, maana nikiulizwa ni jambo gani moja lingewasaidia wazee wengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, nitasema ni njia ya kupita. Wahandisi wanapopanga muda wa mtu kuvuka barabara, mara nyingi hukadiria kwamba anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Kijana anazifikisha bila kufikiri. Mama mwenye magoti yanayouma anaenda mita 0.8, pengine chini ya hapo. Barabara ya upana wa mita 14 humchukua kijana sekunde 12 na humchukua mama huyo karibu 18. Katika sekunde sita zinazobaki yuko katikati ya lami, na bodaboda inakuja. Dawa yake inajulikana: kisiwa kilichoinuliwa katikati ya barabara, ili avuke nusu, apumue, kisha avuke nusu ya pili.

Kuna pia ukingo wa njia, ambao kwa kawaida hufika kimo cha sentimita 15. Kwa mwenye mkongojo huo ni ukuta. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za mteremko, hivyo ukingo huo unadai mteremko wa takriban mita moja na sentimita 80. Kipande cha saruji kilichomwagwa haraka chenye urefu wa nusu mita si mteremko wa mzee, ni mtego, na mvua ikinyesha huwa mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa waliopita umri wa miaka 60 ndio wanaokufa zaidi kutokana na kuanguka. Ninapoona mtaro ulioachwa wazi kando ya soko, au wachuuzi wamesukumwa hadi njia ya miguu imekwisha, nafikiria nyonga iliyovunjika. Sisemi wachuuzi wafukuzwe. Wengi wao ni wazee pia, wanauza sukuma na ndizi ili wajukuu wale. Nasema soko lipangwe pawe na nafasi ya meza na nafasi ya mguu.

Jambo moja la kujua kabla ya kulalamika: si kila barabara ya Nakuru ni ya kaunti. Barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, na baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini. Ukitaka kivuko kwenye barabara kuu, bado leta barua kwa jiji, lakini peleka nakala kwa mamlaka inayohusika, la sivyo itakaa kwenye faili ikisubiri mwenyewe.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya afya ya jamii, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani. Aliyesajiliwa anatibiwa zahanati na kituo cha afya cha umma bila kulipa. Kulazwa hospitalini ndiko kunakohitaji mchango uliolipwa. Msajili mzazi wako akiwa mzima. Vidole vya mtu aliyelima au kufua nguo miaka 40 mara nyingi havisomeki kwenye mashine ya alama za vidole, na tatizo hilo afadhali ligunduliwe mchana akiwa na nguvu kuliko saa nane usiku kwenye mapokezi. Tena, mhudumu wa afya ya jamii anayehudumia mtaa wako, ambaye kwa kawaida anatazama kaya kama 100, alipaswa kupewa kipima presha na kipima sukari katika mpango uliozinduliwa mwaka 2023. Muulize jina lake. Mwite nyumbani. Presha na kisukari huweza kukaa kimya miaka mingi, na mzee asiyeweza kufika zahanati ndiye hasa kazi hiyo ilimlenga.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Sheria ya Miji na Majiji inawapa wakazi haki ya kutoa maoni na malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi, na ya kujibiwa, na inataka tuwafikirie wasiojua kusoma na wenye ulemavu. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Lakini mkutano wa maoni ukiitwa kwa tangazo la mtandaoni, ukafanyika ghorofani kwenye ngazi bila lifti, ukachelewa kuanza kwa muda wa saa tatu na usiwe na kiti chenye mgongo, wazee tumewafungia nje sisi wenyewe, hata kama hatukukusudia. Mikutano hiyo ishuke mitaani: ukumbi wa kijamii wa chini, ua wa kanisa, ua wa msikiti, asubuhi, na choo kiwe karibu. Tangazo lipitie vikundi vya akina mama, chifu, na redio wanazosikiliza. Hili halihitaji bajeti mpya, na wakazi wana haki ya kutudai.

Wakati pia una maana kubwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mambo huamuliwa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayeomba mulika mwizi, yaani taa ndefu ya kumulika mtaa, mwezi Juni amekuja chakula kimeshapakuliwa. Mwombaji wa Julai au Agosti anaweza kuona mtaa wake ukiandikwa kwenye mpango.

Barua isiwe ya kuomba wazee wakumbukwe. Barua hiyo haina mhandisi wa kuitekeleza. Andika mahali: kutoka lango la zahanati hadi steji ya matatu. Andika tatizo: mtaro wazi, mita kadhaa, hakuna taa. Andika ni wazee wangapi wanaopita hapo kwenda kliniki, kwa kuhesabu wenyewe asubuhi moja ya siku ya kliniki. Ongeza picha na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Peleka nakala mbili, na ile unayorudi nayo nyumbani iwe imepigwa muhuri wenye tarehe.